Kitu ulichokitumia ukiuzie wapi: tovuti ya matangazo, Marketplace, grupu, mnada au dalali?

Kila mtu anayetaka kuuza simu yake ya zamani anauliza swali lilelile, eti wapi kuna watu wengi, na mi naona swali hilo ndo linawaponza wengi. Watu wengi wapo kila mahali sikuhizi. Cha kujiuliza ni hiki: ile dakika kitu kinatoka mkononi mwako na pesa inaingia, nani kashika nini? Ukishalijibu hilo kwa kila sehemu unayofikiria kuuzia, unajua wapi utapata bei, wapi utalizwa na wapi utachoka bure. Hapa nalinganisha njia tano, na ili tusiongee hewani nimechukua vitu vinne vya kujaribia, simu, sofa, rundo la nguo na kamera ya zamani ile ya filamu, maana njia inayofaa kwa sofa inaweza kuwa balaa kwa simu.

Tovuti za matangazo

Hizi ndo kongwe. Craigslist ilianza 1995 kule San Francisco, Craig Newmark alikuwa anawatumia tu marafiki zake barua pepe za kuwaambia nini kinaendelea mjini, watu wakaanza kutupia humo kazi na vitu vya kuuza mpaka ikawa tovuti. Gumtree ikaanza London mwaka 2000, OLX na Leboncoin ya Ufaransa zikaja 2006, na sasa karibu kila nchi ina ya kwake. Sura zinatofautiana ila asili ni moja, tovuti ni ubao. Inakupa sehemu ya kubandika tangazo, basi. Pesa haishiki, mzigo haushiki, na mnunuzi haimjui zaidi unavyomjua wewe. (Baadhi sikuhizi zimeongeza huduma ya kulipia humohumo ndani, hapo mambo yanabadilika, nitayagusa kwenye mnada maana yanafanana.)

Uzuri wake ambao watu hawausemi ni kwamba mtu anafika pale kwa kutafuta. Kaandika "sofa la watu watatu", kachuja bei, kachuja umbali, huyo akikupigia tayari ana sofa kichwani, sio mtu aliyekuwa anaperuzi picha za harusi akakutana na wewe kwa bahati. Halafu tangazo linakaa, posti ya grupu inazama siku hiyohiyo lakini tangazo la tovuti mtu anaweza kulikuta hata wiki ya tatu. Na kwa kitu cha kawaida cha nyumbani mara nyingi hukatwi chochote, mlichokubaliana ndo kinachoingia mfukoni.

Ubaya ni kwamba humwoni mtu. Unapata namba na jina aliloamua kujipa. Matapeli wanalijua hilo, ndo maana tangazo jipya la simu au laptopu linaweza kupata meseji ndani ya dakika chache na ukizisoma vizuri unakuta hazitaji kabisa kitu chako. "Habari, bidhaa yako bado ipo? Niko safarini, nitamtuma mtu aje kuchukua, naomba namba ya akaunti." Bidhaa gani sasa? Mtu anayetaka sofa anauliza urefu kwa sababu mlango wake mwembamba, anauliza kama kuna kunguni, anauliza kama miguu inafunguka. Kipimo changu ndo hicho, kauliza swali ambalo asiyekihitaji hiki kitu asingelifikiria? Na mtu anayekubali bei yako ileile bila kuomba punguzo wala kutaka kukiona kitu, usimfurahie haraka.

Kwa sofa, kabati, friji, kitanda, hapa ndo mahali pake, sioni njia inayoizidi. Simu inauzika pia ila ujiandae. Nguo usihangaike, picha arobaini kwa blauzi moja moja hakuna mtu atakufuata.

Marketplace na ndugu zake

Facebook ilianzisha Marketplace Oktoba 2016, na tofauti yake kubwa na ubao wa kawaida ni kwamba mnunuzi anakuja na sura. Unabonyeza jina unaona akaunti ina miaka mingapi, kama kuna watu wanaomjua, kama amewahi kuuza au kununua kitu. Hiyo inasaidia, tena sana, ila isikulevye. Akaunti ya miaka kumi inaweza kuwa imeibwa jana usiku, sura ya mama wa watu ipo pale lakini anayechati ni mwingine kabisa. Dalili ni ileile, lugha haifanani na posti zake, na ana haraka ya kuhamia sehemu nyingine ya kuchati.

Kinachochosha hapa ni "bado ipo?". Kuna kitufe kinachotuma swali hilo chenyewe, mtu anakigusa akiwa kwenye foleni ya benki halafu anasahau kwamba uliwahi kuwepo duniani. Ukijibu "ndiyo" tu umeisha. Jibu na swali lako juu, "ipo, naonyesha leo jioni na kesho mchana, wewe unaweza lini?", wale wa kupita watapita na utabaki na wawili watatu wa kweli. Mi nilikuwa nakasirika sana mwanzoni, sikuhizi nachukulia kama mvua tu.

Kitu kimoja ambacho wauzaji wanasahau ni kwamba kama unavyoangalia profaili yake na yeye anaangalia yako. Picha za watoto, sehemu unayofanya kazi, posti ya "wiki ijayo tunasafiri familia nzima", halafu hapohapo una tangazo la televisheni kubwa na ramani inaonyesha mtaa wako. Funga hivyo vitu kabla ya kuposti. Na picha zenyewe, simu nyingi zinahifadhi ndani ya faili mahali picha ilipopigwa. Mitandao mikubwa huifuta hiyo taarifa ukipakia, lakini mteja akikuomba umtumie kwa barua pepe au kama dokumenti ili "zisipoteze ubora" inaenda nayo nzimanzima. Zima taarifa ya mahali kwenye kamera kabla ya kupiga, ni sekunde kumi.

Magrupu na stetasi

Hapa ndo unauza kwa watu wanaokujua, grupu la mtaa, la wazazi wa shule, la kazini, au unaweka tu picha kwenye stetasi. Tapeli ni nadra, mtu hawezi kukupiga changa la macho halafu Jumatatu mkakaa ofisi moja. Na vitu vinaondoka haraka kuliko popote, stroola ya mtoto inaweza kuondoka kabla hujamaliza kuandika bei.

Tatizo la hapa linaitwa aibu, na linakula faida taratibu. Mtu unayemjua haombi punguzo, anaomba umkumbuke. Nakumbuka niliuza meza ya kusomea kwa mtu wa grupu letu, kabeba Jumamosi, kasema Ijumaa ananirushia, ikapita Ijumaa ya kwanza na ya nne, na kila nikitaka kumkumbusha naona alichangia kwenye msiba wetu nashindwa. Nikalipwa nusu. Nusu nyingine nadhani ipo kwenye meza. Kwa hiyo hapa ukijiuliza nani kashika nini jibu ni kwamba yeye kashika vyote viwili, kitu na pesa, na wewe umeshika uhusiano. Kuna siku hiyo ni biashara nzuri tu, kitu cha bei ndogo ambacho ungemgawia mtu hata bure. Ila kwa kitu cha maana tangaza bei na masharti palepale kwenye posti, "anayelipa kwanza ndo anachukua", likiwa limeandikwa mbele ya watu wote hauonekani unamkazia mmoja.

Mnada na masoko yanayoshika pesa

eBay, soko la mnada la mtandaoni, nayo ni ya 1995, na kuna kisa chake maarufu. Mwanzilishi wake Pierre Omidyar aliweka kalamu ya leza iliyoharibika, ikauzwa dola 14.83, akamwandikia mnunuzi kumuuliza kama ameelewa kwamba ni mbovu. Yule akajibu kwamba anakusanya kalamu za leza mbovu. Ndo faida ya mnada hiyo. Kamera yako ya filamu mtaani kwako labda ni mtu mmoja anaitaka na wala hayupo mtandaoni leo, lakini duniani wapo mia mbili na wawili kati yao wakigombana bei inapanda bila wewe kusema neno. Kwa kitu adimu, cha kukusanya, spea ya mashine ambayo haitengenezwi tena, lenzi, sahani za muziki, usikae kuuza kwenye ubao wa mtaa ukasikia mtu anakuambia "mbona ya zamani".

Ila sasa angalia ile dakika yetu. Kwenye mnada unatuma mzigo kwa mtu usiyemwona, pesa ameshalipa lakini bado anaweza kuidai. PayPal kwa mfano, ile huduma ya kulipana mtandaoni, inampa mnunuzi siku 180 kufungua malalamiko, nusu mwaka huo, wewe pesa umeshanunulia kitu kingine. Na eBay tangu 2008 muuzaji haruhusiwi kumwekea mnunuzi alama mbaya, kwa hiyo ukikutana na msumbufu huna hata pa kuwaonya wenzako. Ujanja unaoumiza zaidi ni wa kurudisha: anapokea kamera nzima, anasema mbovu, anakurudishia nyingine ya aina ileile ambayo kweli ni mbovu. Dawa yake ni kupiga picha serial namba, ile namba ya pekee iliyochongwa kwenye mwili wa kamera, na kuiweka kwenye tangazo lenyewe, kurekodi video ya kufungasha bila kukata mpaka boksi linazibwa na namba ya mzigo inaonekana, na kutuma kwa huduma yenye kufuatiliwa tu. Video ya dakika mbili. Sio kwamba itamzuia kila mtu ila ukifika kwenye malalamiko una kitu cha kuonyesha na yeye hana. Halafu piga hesabu ya makato na usafirishaji KABLA ya kuweka bei ya kuanzia, nimeona mtu anashangilia mnada umefungwa juu halafu akitoa vyote anabaki na kile alichokataa kwa jirani.

Kwa nguo kuna aina yake. Vinted ilianzia Lithuania 2008, mwanzilishi mmoja alikuwa anahama na ana nguo nyingi kuliko anazoweza kubeba. Pale pesa ya mnunuzi inakaa kwa wenye soko, mzigo ukifika ana siku 2 za kusema kama kuna tatizo, asiposema inaachiwa kwako, na ada ya ulinzi anailipa yeye mnunuzi. Huo mpango wa mtu wa tatu kushika pesa mi naona ndo uliosawazisha mambo kuliko wote, maana hakuna mmoja anayeshika vyote kwa pamoja. Siku 2 sio 180. Sharti lake tu usikubali kutoka nje ya apu, mtu akisema "tulipane pembeni tuokoe ada" ameshatoa ule ulinzi wote na kubaki na wewe peke yako.

Dalali au duka linalonunua vilivyotumika

Watu wanawasema madalali vibaya na mi nawatetea kidogo. Tuseme kitu chako ungekiuza mwenyewe kwa 100, dalali anakupa 60 papo hapo. Hiyo 40 unaona umeibiwa, lakini hebu hesabu, picha, kuandika, meseji thelathini, watu watatu wamesema wanakuja hawajaja, mmoja kaja kakwambia nina 55, na hatari yote ya simu kuibwa mkononi ilikuwa yako. Kwa kitu cha bei ndogo au kitu kibovu, simu iliyopasuka kioo, laptopu isiyowaka, dalali ndo jibu sahihi, yeye ana fundi na ana spea, kwako ni takataka kwake ni injini. Kwa kitu kizima cha thamani hapo 40 ni pesa ya kuhangaikia.

Duka likikuambia wacha hapa tukuuzie tutagawana, ujue umerudi kwenye hali ya grupu, kashika kitu na atashika pesa. Andikishana. Bei ya chini, muda, na nini kitatokea kisipouzwa.

Sasa pesa yenyewe

Ukiniuliza njia ipi salama nitakuuliza unalipwa vipi, maana ubao huohuo unaweza kuwa salama kabisa au shimo, inategemea hapa tu.

Keshi mkononi, mkiwa mmesimama pamoja, ndo malipo pekee ambayo yakishafika yamefika. Ubaya wake ni noti bandia na kutembea na pesa, ndo maana kwa kiasi kikubwa kutana ndani ya benki au karibu nayo, aingize mwenyewe au uhesabiwe kaunta.

Kutuma kwa simu au benki ni rahisi na watu wengi ndo wanataka hivyo, ila kosa ni moja tu linalorudiwa kila siku: kuamini meseji badala ya salio. Meseji ya muamala inaandikwa na mtu yeyote, skrinishoti ya malipo inatengenezwa kwa dakika mbili, na atakuonyesha akiwa mbele yako na uso wa huruma kabisa. Fungua akaunti yako mwenyewe, angalia salio limeongezeka, ndo kitu kitoke. Kama anasema mtandao unachelewa, subirini wote na kitu kikiwa kwako. Mtu mkweli ataboreka lakini atakaa.

Kadi na PayPal zinafaa mzigo unaotumwa, hazifai mtu anayekuja mlangoni. Hili wengi hawalijui na limewaliza watu: anakuja kuchukua mwenyewe, analipa PayPal mbele yako, anaondoka, wiki mbili baadaye anafungua malalamiko kwamba hakupokea kitu. Ushahidi unaotakiwa ni namba ya kufuatilia mzigo na wewe huna, ulimkabidhi kwa mkono.

Hundi kwa mgeni, hapana. Marekani benki inaweza kukuruhusu kutoa pesa ya hundi siku chache tu baada ya kuiweka na ikaja kugundulika feki wiki kadhaa baadaye, deni linabaki lako. Ndo huohuo mchezo wa kulipa zaidi, "nimekosea nimezidisha, nirudishie iliyozidi", unarudisha pesa ya kweli kutoka kwenye pesa ya uongo.

Na linki. Yaani mtu anakutumia linki nzuri yenye rangi za tovuti uliyotangazia, "bonyeza upokee malipo yako", inakuomba namba ya kadi na zile tarakimu tatu za nyuma. Kupokea pesa hakuhitaji tarakimu za nyuma. Hata siku moja. Ndugu yake ni yule anayesema "nimekutumia namba nihakikishe kama wewe ni mtu wa kweli, nisomee", zile tarakimu 6 zinazoingia kwenye simu yako ndo za kufungulia WhatsApp yako kwenye simu yake, ukisoma tu jioni ndugu zako wanaombwa mkopo kwa jina lako.

Simu inataka sura yake peke yake

Nimesema simu ina balaa lake, ni kwa sababu ndani yake umo wewe. Kuirudisha ilivyotoka kiwandani bila kutoa akaunti sio kuisafisha, ni kuifunga. Apple ilileta kufuli ya akaunti mwaka 2013 na Android ikafuata na ya kwake 2015 kwenye toleo la 5.1, zote ziliwekwa kwa ajili ya wezi, ukifuta kila kitu bila kutoka kwenye akaunti kwanza simu inaweza kumwomba mnunuzi nywila yako. Atakupigia usiku. Mpangilio ni huu: hamisha picha na chati, toka kwenye akaunti ya Apple au ondoa ya Google, ndo ufute, na laini ya ndani ya simu (eSIM) kama unayo uihamishe kabla.

Bonyeza *#06# upate IMEI, ile namba ya kuitambulisha simu yenye tarakimu 15, na uiandike kwenye karatasi ya mauziano pamoja na tarehe na majina. Hiyo karatasi inakulinda hata wewe, simu ikija kutumika kwenye mambo mabaya mwezi ujao una kitu cha kuonyesha kwamba haikuwa yako tena. Ila kwenye tangazo la wazi usiiweke namba nzima, kuna watu wanaichukua kudanganyia kwamba hiyo simu ni yao. Mkikutana mwache aanze kuiwasha kama mpya mpaka inapounganisha mtandao, akivuka pale bila kuombwa nywila ya mtu amejua haijafungwa na hahitaji tena kukuuliza maswali kumi. Mnunuzi wa simu na yeye anaogopa kulizwa, ukimwondolea hofu anaacha kukata bei.

Bei, na kwa nini useme kasoro mwenyewe

Hapo kwenye hofu nikae kidogo. George Akerlof mwaka 1970 alieleza jambo hili kwa mfano wa magari yaliyotumika, na 2001 akapata nayo tuzo ya Nobel ya uchumi pamoja na wenzake wawili: mnunuzi hajui gari lipi zima lipi bovu, kwa hiyo anatoa bei ya wasiwasi kwa yote, na mwenye gari zima anaona bora abaki nalo. Ndo kinachokupata ukiandika "ipo poa sana haina shida". Kila mtu anaandika hivyo. Kwa mnunuzi ni mbuzi kwenye gunia na atakupa bei ya gunia. Sasa weka picha ya mkwaruzo karibu kabisa, sema afya ya betri inaonyesha asilimia 84, sema droo ya chini inakwama, watu wanaanza kuamini na yale mazuri uliyosema. Mi hii sikuiamini mpaka nilipoijaribu kwenye kabati moja lililokuwa limekaa bila mteja, nikaongeza picha ya ule mlango uliopinda na mtu wa pili kuja akalibeba bila kubishana sana, nadhani kwa sababu hakukuwa na kitu cha kunishtukia nacho mlangoni.

Bei ya kuanzia usiitoe kwenye matangazo ya wenzako, yale ni matumaini, tangazo lililokaa miezi mitatu lipo pale kwa sababu bei yake haijamshika mtu. eBay ina kichujio cha vitu vilivyouzwa tayari, hata kama hutauzia kule kichungulie, ndo bei zilizolipwa kweli. Ukiposti na ndani ya dakika kumi wamekuja watu kumi umeweka chini, usikimbilie wa kwanza. Wiki nzima kimya, badilisha picha ya kwanza kabla ya kushusha bei. Na nafasi ya maongezi iwe ndogo, kama asilimia 10 hivi, ukiweka kubwa wa kweli hawafungui tangazo kabisa.

Kukutana

Kwa kinachobebeka kutana sehemu ya watu, mchana, yenye umeme na mtandao ili ajaribu. Marekani vituo vingi vya polisi vimetenga sehemu ya kukutania kwa ajili ya hivi vitu tu, penye kamera, na hata mahali pasipokuwa na mpango huo kumwambia mtu "tukutane karibu na kituo cha polisi" kunachuja vizuri, wengine wanapata dharura palepale.

Sofa halibebeki, lazima aje. Lisogeze karibu na mlango kabla hajafika ili asitembezwe nyumba nzima, usiwe peke yako, na anuani nzima mpe siku hiyohiyo anapokuja, kabla ya hapo eneo linatosha. Akuletee watu wa kubeba mwenyewe, hilo liandike kwenye tangazo kabisa la sivyo utajikuta unashusha sofa ngazi tatu na mgongo wako.

Kuna vitu pia usiuze popote hata bei ikiwa nzuri. Kiti cha mtoto cha gari kilichowahi kupata ajali au kilichopita tarehe iliyochapwa kwenye plastiki yake, helmeti iliyogonga, vitanda vya watoto vya ubavu unaoshuka, Marekani tangu 2011 ni marufuku kuviuza hata vilivyotumika kwa sababu watoto walikuwa wanabanwa.

Mimi ningechagua hivi: sofa tovuti ya matangazo na keshi, simu nzima Marketplace au tovuti lakini kukutana na kuangalia salio, simu iliyopasuka dalali moja kwa moja, nguo nzurinzuri soko linaloshika pesa na zilizobaki grupu kwa bei ya fungu, kamera mnada. Unaweza kutangaza sehemu mbili kwa wakati mmoja, mi nafanya, ila zikizidi mbili unaanza kuwaahidi watu wawili kitu kimoja. Na kikishauzwa lifute tangazo siku hiyohiyo kila sehemu ulikoliweka, mimi niliwahi kuliacha moja na mwaka uliofuata bado napigiwa simu saa tano usiku kuulizwa kama friji bado lipo.